Antivairasi Mbili na Sauti ya Bibi

Kompyuta yetu inakaa sebuleni, kwenye meza ya kona, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama. Ilitoka kwenye ofisi moja ya mjini Moshi iliyokuwa inabadilisha vyombo vyake, na baba aliipandisha mlimani kwetu akiwa ameipakata magotini kama mtoto wa kubatizwa. Mimi ndiye ninayeiwasha na kuizima. Lakini ukiniuliza kompyuta hiyo ni ya nani, nitakwambia ni ya bibi, mama yake baba, ambaye hajawahi kugusa hata kitufe chake kimoja.

Bibi anaishi kwetu kwa sababu baba ni kitinda mimba, na huku Uchaggani kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi. Nimekua nikimsikia tangu asubuhi: anamgombeza ng'ombe, anaimba, anamsema jirani, kisha anamwombea jirani huyohuyo. Masika yaliyopita akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakagoma. Anasikia kila kitu, anacheka, anakasirika, ila kinachotoka mdomoni ni sauti moja tu, "e", ambayo kwa kuipandisha na kuishusha anaifanyisha kazi zote.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemrekodi. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sipendi kuyazungumza mbele ya wageni, lakini ndoto zangu hazikuhitaji cheti. Nilijiona nimekaa nyuma ya kioo kwenye kituo cha redio, nimevaa vile vya masikioni, nawaletea watu sauti za bibi zao. Basi nikaanza na wangu. Nilimrekodi kwa simu akimenya ndizi, akichambua maharage, akiimba wimbo wa kupukuchua mahindi, akinieleza alivyoletwa kwenye kihamba hiki, shamba letu la migomba, akiwa bibi harusi na kukuta mama mkwe hapendi wimbo wowote isipokuwa wa kanisani. Kila nilipomaliza, bibi alinikazia macho na kuuliza kwa Kichagga, "Hicho kidude umekizima?" Aliogopa nisije nikayanasa na anayowasema majirani. Kwa hiyo kila rekodi inaishia na swali hilo.

Simu ilipojaa nikazihamishia rekodi zote kwenye kompyuta, kwenye folda niliyoiandika BIBI kwa herufi kubwa. Vizuri nilifanya hivyo, maana muda si mrefu simu yenyewe iliniponyoka mferejini wakati nanawa matope, na maji yakaondoka nayo kuelekea kwa watu wa chini. Nilichelewa kufanya jambo moja tu, kutengeneza nakala nyingine. Kuzipandisha mtandaoni bando langu lilikuwa halifiki. Kuzitia kwenye flashi nikawa nasema kesho, kesho.

Baada ya kiharusi, mchana mmoja nilijipa moyo nikamfungulia bibi rekodi moja. Niliogopa nitamwumiza. Yeye akainamisha kichwa, akasikiliza, halafu akaanza kucheka kabla utani wenyewe haujafika, kwa sababu aliujua unakuja. Kuanzia siku hiyo ikawa desturi. Tukishakula, bibi anaelekeza kidevu kwenye kona, namsogezea kiti, natoa kitambaa, na nyumba inapata tena sauti yake.

Sasa, mwalimu wa kwaya yetu aliniomba nimwekee nyimbo za harusi kwenye flashi. Flashi yenyewe ilikuwa imetoka mjini, kwenye duka la kuchapisha karatasi, ambako kila mtu huchomeka ya kwake. Sikuwaza. Nilichomeka, nikamwekea nyimbo, nikamrudishia, tukashukuriana.

Mchana ule bibi akaelekeza kidevu. Nikawasha. Kila folda ilikuwa imeota mshale mdogo kwenye kona, mshale ambao sikuwahi kuuona. Nikabofya BIBI. Dirisha jeusi likatokea, likapotea haraka kama jicho lililokonyeza. Hakuna sauti. Nikabofya tena. Mtu mwenye wasiwasi hubofya tena, sijui kwa nini. Dirisha jeusi likaja, likaenda. Nikauchomoa waya wa umeme ukutani.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, khanga magotini, anasubiri.

"Bibi, umeme umekatika," nikamwambia.

Jikoni redio ya mama, iliyochomekwa ukutani kama kompyuta, ikaendelea kuimba. Bibi akageukia jikoni, akanigeukia mimi.

Kesho yake nililifunga kasha la kompyuta kwenye khanga nikashuka nalo mjini, hadi kwa fundi mmoja pale Majengo. Ni kijana mcheshi, meza yake imejaa matumbo ya mashine za watu. Alichomeka, akatazama, akapiga mluzi.

"Dada, hii imeliwa. Hapa ni kupiga windo upya tu."

"Kupiga windo ndiyo nini?"

"Tunafuta kila kitu, tunaanza mwanzo. Itakuwa mpya kabisa, hutaamini."

"Na vitu vilivyomo?"

"Vitu gani? Picha?"

"Sauti. Za bibi yangu."

"Aa, si utamrekodi tena?"

"Haongei siku hizi."

Bisibisi ikasimama mkononi mwake. Akanitazama, akaizima kompyuta taratibu, akanisogezea. "Basi usiniachie mimi," akasema. "Mimi nikishika, nafuta. Ndiyo kazi yangu. Tafuta antivairasi nzuri kwanza, usafishe, uone nini kitabaki."

"Ipi ni nzuri?"

"Ah! Hilo dada, kila mtu na dini yake."

Nilipanda mlimani nimelikumbatia lile kasha. Barabarani kila gari lilipokanyaga shimo nilihisi bibi anatikisika humo ndani. Niliwaza: je, hao virusi wanakula wakati kompyuta imezimwa? Au wanalala? Hata shuleni hakuna aliyenifundisha jambo hilo.

Nikaanza kusoma kwenye simu, simu ya mama, maana yangu iko majini. Hapo ndipo usingizi uliponiondoka kabisa. Kila antivairasi inasema yenyewe ndiyo ya kwanza duniani. Zote zina ngao, zote zina alama ya tiki ya kijani, zote zina mzungu anayetabasamu mbele ya kompyuta kama ameshinda kesi. Moja inalinda benki yako. Mimi sina benki. Nyingine inalinda watoto wako. Sina watoto. Sikuona iliyosema inalinda sauti ya bibi. Kisha nikiwa nasoma likaruka tangazo jekundu: simu yako ina virusi, bonyeza hapa haraka! Nikaitupa simu kwenye kochi.

"We, simu yangu hiyo!" mama akapiga kelele kutoka jikoni.

"Mama, na hii nayo inaumwa!"

"Haiumwi. Hiyo inaniambia hivyo kila siku. Nyamaza tu, inaacha yenyewe."

Jioni baba akaona hali yangu, akawapigia watu wawili ambao katika ukoo wetu wanajua kompyuta. Laiti angempigia mmoja.

Wa kwanza ni baba mkubwa, kaka yake baba, mzaliwa wa kwanza wa bibi. Anaishi Rau, amestaafu ukarani, na bado huvaa koti akitoka kwenda kununua mkate. Wa pili ni mjomba, kaka yake mama, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo kule Sanya Juu. Hawa wawili wana historia. Baba alipomposa mama, baba mkubwa ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wetu na mjomba msemaji wa upande wa pili, na inasemekana walibishana kuhusu mbuzi mmoja mpaka chakula kikapoa. Harusi ilifungwa, watoto tukazaliwa, lakini yule mbuzi hajafa.

Wakafika wote Jumamosi, bila kupangana. Mjomba alitangulia na pikipiki yake, ana flashi kwenye mfuko wa shati.

"Mjomba, hiyo flashi imepimwa?" nikauliza kwa woga.

"Mpwa wangu, unanipima mimi? Nikuletee chanjo yenye ugonjwa?"

Hajamaliza kucheka, baba mkubwa akaingia, koti limefungwa vifungo vyote, mkononi kaboksi kadogo kanakong'aa ka antivairasi ya kununua. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama mjomba. "Na huyu kafuata nini? Mbuzi tulishalipa."

"Mlilipa, lakini alikuwa amekonda," mjomba akajibu. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umeleta antivairasi?"

"Nimeleta."

"Ya bure?"

"Ya bure. Naitumia dukani, haijawahi kuniangusha."

"Ya bure!" Baba mkubwa akamgeukia bibi kama anayemshtakia. "Mama, unasikia? Mlinzi asiyelipwa huyo analala getini."

"Na anayelipwa analala ofisini, shemeji, kwenye kiti cha kuzunguka."

Macho ya bibi yalikuwa yanakwenda huku na huku. Nadhani alifurahi. Ilikuwa muda mrefu watu hawajabishana mbele yake.

Baba mkubwa akanikabidhi kaboksi kwa mikono miwili. Nikakapokea kwa mikono miwili. Mjomba naye akatoa flashi, akaninyooshea kwa mikono miwili, kusudi. Nikaipokea vilevile. Hapo nikagundua nimesimama katikati ya sebule nikiwa na koo mbili mikononi. Nikikataa ya baba mkubwa, nimemkataa mkubwa wa nyumba ya baba yangu, mbele ya mama yake. Nikikataa ya mjomba, nimeudharau upande wa mama, na mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko, ananitazama. Baba alikuwa anachunguza viatu vyake.

"Anayeitumia ni yeye," akasema bila kuinua uso. "Achague mwenyewe."

Ahsante sana, baba.

"Zote nzuri," nikasema. "Nitaziweka zote mbili."

Watu wote wakapumua. Baba mkubwa akasema mtoto ana akili. Mjomba akasema akili hiyo kaitoa kwa mama yake. Mama akaleta mtori wa ndizi, tukala, na mimi nikajiona nimefanya jambo kubwa. Kama mlinzi mmoja ni mzuri, si wawili ni bora zaidi?

Walipoondoka nikaweka ya baba mkubwa, kisha nikaweka ya mjomba. Ngao mbili zikajipanga chini ya kioo karibu na saa. Kompyuta ikaanza kuhema. Siongezi chumvi, ilihema kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Kishale cha kipanya kikaganda. Ya mjomba ikafungua dirisha kuniuliza: kuna programu ngeni inachungulia mafaili, tuiruhusu? Programu yenyewe ilikuwa ile ya baba mkubwa. Kabla sijajibu, ya baba mkubwa ikatangaza kuwa ya mjomba inatia shaka. Yaani wale wazee walikuwa wameingia humo ndani na mbuzi wao!

Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, kila dirisha nikilifunga linakuja jingine. Halafu ya baba mkubwa ikatoa maandishi ya kijani: vitisho vimeondolewa. Nikashangilia. Nikafungua mahali folda zinapokaa.

Peupe. Ile mishale haikuwepo, na folda hazikuwepo. BIBI hakuwepo.

Sijui nilikaa vile muda gani. Mama aliita kutoka nje nikapeleke majani kwa ng'ombe, sikuinuka. Nilikuwa nawaza vitu vya ajabu: kwamba wimbo wa kupukuchua mahindi hakuna mtu mwingine anayeujua hapa, kwamba mimi mwenyewe naujua nusu tu, kwamba bibi alipoteza sauti mara ya kwanza kwa ugonjwa, na hii ya pili kapotezewa na mjukuu wake aliyeogopa kuwaudhi watu wazima. Nikakivuta kitambaa cha mama nikafutia macho. Nyuma yangu bibi alikuwa anagonga mkono wa kiti kwa vidole vya kushoto. Sikuthubutu kugeuka.

Nilipoondoa kitambaa usoni, ndipo nikauona ule mstari.

Kwenye kompyuta yetu, ukifungua pale panapoonyesha diski, kuna mstari unaoeleza imejaa kiasi gani. Wetu umekuwa mwekundu tangu nihamishe rekodi, na umekuwa ukinisumbua kwa wekundu wake. Sasa ulikuwa mwekundu vilevile. Nikajiuliza: kama vitu vimefutwa, mbona bado imeshiba? Ukitoa gunia stoo, si nafasi inabaki?

Nikachukua simu ya mama nikampigia mjomba. Alikuwa bado njiani, nikasikia anaegesha pikipiki.

"Bado ni mwekundu?" akauliza.

"Mwekundu kabisa."

"Basi yupo. Kafichwa tu. Hao virusi wanayaficha mafaili ya kweli halafu wanaweka vivuli vyao vyenye mishale. Vivuli vimeondolewa, lakini wenyewe hawajafunuliwa. Mpwa, unanisikia? Usilie kwenye simu, inaingia maji kama ile nyingine."

Akanielekeza pa kubofya, na mahali pa kuweka tiki ili vilivyofichwa vionekane. Kompyuta ilihema sana, nikasubiri, na folda zikaanza kujitokeza moja moja, rangi imepauka kama nguo iliyofuliwa miaka mingi. BIBI ilikuwa ya tatu. Nikabofya. Nikaona majina ya rekodi zote. Nikafungua ya kwanza iliyonijia mkononi.

"...na mimi nikamwambia mama mkwe, kama wimbo huu ni dhambi, basi na mahindi haya ni dhambi, tuyaache..."

"E!" akasema bibi nyuma yangu, kwa sauti ya juu. "E! E!"

Mama aliingia mbio na mundu mkononi, akidhani mtu ameanguka.

Lakini bado nilikuwa na shughuli. Mjomba alisema antivairasi mbili hazikai nyumba moja, moja lazima itoke. "Mimi sisemi ipi," akaongeza, ila sauti yake ilikuwa inasema. Niliwaza sana. Ya baba mkubwa ilikuwa na nguvu, ndiyo iliyowafagia wale virusi, sitaki kuisingizia. Lakini inafuta kwanza, inakwambia baadaye. Ya mjomba ni msumbufu, kila kitu inauliza: nifanye hivi? Nifanye vile? Mimi nilikuwa na kitu ambacho kikipotea hakirudi. Nilitaka mlinzi anayeuliza.

Wakati wa kuitoa ile ya baba mkubwa, ikaniuliza kama nataka pia kuvifuta vilivyomo karantini, yaani vile ilivyovikamata na kuvifungia. Nikaangalia orodha. Jina la BIBI lilikuwemo. Nilijua ni kile kivuli cha mshale, nilijua bibi wa kweli nimeshamwona na kumsikia, lakini kidole kilikataa kushuka. Nikafungua rekodi tena kuhakikisha. Nikarudi. Nikafungua tena. Mama akasema, "Unamwita bibi yako kila dakika, mwache apumzike." Ndipo nikabonyeza.

Siku iliyofuata baba mkubwa akapiga simu. "Mwanangu, ile yangu inafanya kazi?"

"Baba mkubwa," nikasema, "nitakuja."

Ningemwambiaje kwenye simu? Kitu alichokinunua mwenyewe, akakipandisha mlimani na koti lake, akanipa kwa mikono miwili, mimi nimekitoa siku ileile, na nikaacha cha yule wa mbuzi. Kwa baba yangu jambo hilo lilikuwa la kuchekesha. Mama hakucheka. Alitoka hadi mpakani mwa kihamba, akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akaja kunipa. Kwetu, ukimkosea mtu unampelekea sale, na akishalipokea amekusamehe. Ni jani refu la kijani tu, lakini watu wamepatanishwa nalo kwenye mambo ya damu.

"Sale kwa ajili ya kompyuta!" baba akasema.

"Sale ni kwa ajili ya mtu," mama akamjibu.

Nikatengeneza nakala ya folda ya BIBI kwenye flashi mpya, nikaipima kwa ile ya mjomba, ikaniuliza maswali yake yote nikayajibu. Nikaitia kwenye mfuko wa begi, karibu na jani, nikashuka Rau. Njia nzima nilikuwa na hofu mbili zinazopokezana. Moja, kwamba baba mkubwa hatalipokea sale, ataniambia niende Sanya Juu kwa wenye akili. Ya pili, kwamba kuna kirusi kimebaki kwenye flashi, na sasa nampelekea mpaka mezani kwake.

Nilimkuta anasoma gazeti barazani. Nikamwamkia, nikalitoa jani. Alilitazama kwanza, hakulishika.

"Nani kakosa nini?"

Nikamweleza yote, kuanzia flashi ya kwaya. Nilizungumza nikitazama vidole vyangu vya miguu.

"Umeitoa," akasema.

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Ukaiacha ya mjomba wako."

"Ndiyo. Ile inauliza kabla ya kufuta."

Akavuta pumzi ndefu. "Yule akilijua hili, sitapata amani mpaka nakufa."

"Hatajua."

"Atajua. Mama yako ni dada yake." Akanyoosha mkono, akalichukua jani, akaligeuzageuza. "Nimelipokea," akasema, na akaliweka juu ya gazeti. Kisha akauliza, na sauti ilikuwa nyingine, haikuwa ya karani: "Kwa hiyo sauti ya mama ipo?"

Nikashtuka. Siku zote hizo nilikuwa nasema bibi yangu, sauti ya bibi yangu. Ilikuwa haijanijia kwamba ni mama yake. Tangu masika alikuwa akija kumwona, anakaa naye, anamweleza mvua ilivyonyesha Rau, anajibiwa "e", anaaga, anafunga koti. Kuhusu rekodi tulimwambia tu kwamba zipo. Hajawahi kusikia hata moja.

"Nimekuletea," nikasema.

Tukaingia ndani. Akaiwasha kompyuta yake, nikachomeka flashi. Papo hapo antivairasi yake, ndugu ya ile niliyoitoa, ikafungua dirisha na kuanza kuikagua. Mstari wa kijani ukawa unatambaa. Ukafika kwenye BIBI, ukasimama.

"Ikikuta kitu, itauliza?" nikanong'ona, ingawa jibu nilikuwa nalijua.

"Haiulizi," baba mkubwa akasema. Mkono wake ulikuwa umeushika mgongo wa kiti changu, nikausikia unavyokaza. "Tuichomoe?"

"Tukichomoa katikati inaweza kuharibu."

"Basi tusubiri."

Tulisubiri, tumeinama wote wawili kama watu wanaochungulia kisima. Nilijua nyumbani zipo. Nilijua hata hizi zikifutwa nitashuka na nyingine. Haikunisaidia chochote. Mstari ukatikisika, ukatambaa, ukafika mwisho. Maandishi ya kijani: hakuna tatizo lililopatikana.

Nikachagua rekodi ambayo bibi anazungumzia mtoto wake wa kwanza. Anaeleza mtoto huyo alivyokuwa anaogopa kwenda shule peke yake, akawa hakubali mpaka mama yake amfuate kwa nyuma, mbali, bila kuonekana na watoto wengine, mpaka darajani. Na jinsi yeye bibi alivyokuwa anajificha kwenye migomba kila mtoto anapogeuka kuhakikisha yupo. "Nilikuwa natikisa jani moja," bibi anasema, "akiona jani linatikisika, anaendelea na safari." Baba mkubwa alisikiliza akiwa amesimama, koti limefungwa vifungo vyote, macho yameelekezwa dirishani.

Halafu bibi akafika mwisho, na kama kawaida yake akauliza kwa Kichagga, "Hicho kidude umekizima?"

Nilinyoosha mkono kwenda kwenye kipanya. Baba mkubwa akanizuia.

"Bado, mama," akajibu. "Bado."